Nikizunguka na bendi, nitaiona dunia au nitaona kumbi tu?

Msomaji wetu wa Mwanjelwa, Mbeya, ameandika hivi: "Shikamoo baba. Mimi ni binti wa miaka 24. Nimekaa kwenye mitambo ya sauti ya kwaya kanisani kwetu miaka minne, na harusi nimefanya nyingi. Sasa bendi moja ya Dar es Salaam inanitaka niwe fundi mitambo wao kwenye ziara ya wiki sita: Ujerumani, Denmark, Uholanzi na Uswisi, shoo 26. Mama anafurahi, anasema tembea uone. Shangazi, ambaye mumewe alikuwa dereva wa malori ya Zambia, anasema nitaona barabara na kumbi tu, nirudi nimekonda. Nani yuko sahihi? Na nijiandae vipi?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndilo nililotamani mtu anijibu nilipoanza kazi hii. Shangazi anasema kweli kuhusu wengi wanaozunguka na bendi. Mama anasema kweli kuhusu wachache. Kinachowatenganisha, kwa niliyoyaona, ni jinsi fundi anavyoiandaa kazi yake kabla hajatoka nyumbani.

Ziara yangu ya kwanza ya Ulaya ilikuwa wiki tatu, nchi tano. Niliporudi nilipanda kwenda Makete kumsalimia baba. Nilimkuta ametoka shambani, miguu ina udongo wa viazi. Akakaa, akaniuliza swali moja tu: "Huko wanalima nini?" Nikanyamaza. Ningeweza kumwambia kila ukumbi umeme wake unaingilia wapi, na ngazi za nyuma zina vidato vingapi, maana nilizipanda na spika mgongoni. Lakini mashamba yote tuliyapita usiku nimelala, na mchana nilikuwa ndani ya kumbi zisizo na dirisha hata moja. Baba hakunikemea. Alisema, "Basi safari nyingine uangalie." Ziara zote zilizofuata nilikwenda na agizo lile.

Nikueleze siku ya fundi mitambo ilivyo, usije ukadanganywa na picha za wanamuziki. Basi linafika asubuhi nyuma ya ukumbi, kwenye mlango wa mizigo, penye mapipa ya taka na kreti za bia. Mbele kwenye mabango hupaoni. Wewe ndiye wa kwanza kushuka. Unasalimiana na mafundi wa ukumbi, mnashusha vyombo, mnapanga jukwaa, mnatandaza waya, mnajaribu maiki moja moja. Alasiri wanamuziki wanakuja kwa saundi cheki. Mnakula. Shoo inaanza saa tatu usiku, inaisha saa tano. Waimbaji wanapiga picha na mashabiki, wewe unakunja waya. Saa saba usiku sanduku la mwisho linaingia kwenye buti na basi linaondoka. Kesho, mlango mwingine wa mizigo. Mume wa shangazi aliijua dunia ya namna hiyo: foleni ya Tunduma, mizani, gereji, kisha foleni tena.

Sasa itazame siku hiyohiyo kama mtu anayetafuta nafasi ndani yake. Fundi asiyejiandaa akianza kupanga saa nne asubuhi, anamaliza saa kumi alasiri, wanamuziki wakiwa wamesimama wanamsubiri. Aliyejiandaa anamaliza saa saba mchana. Hapo katikati pana saa tatu, na saa hizo ni zake. Kwa shoo 26, hizo ni saa 78, yaani zaidi ya siku tatu nzima usiku na mchana, na wewe ulidhani huna muda. Mimi saa zangu zote za kuiona dunia nilizipata humo.

Zinapatikana kwa karatasi mbili. Ya kwanza ni orodha ya chaneli: kila chombo na namba yake, kuanzia ngoma kubwa ya dramsi, sneya, tumba, besi, solo, rithimu, kinanda, saksafoni, hadi mwimbaji wa mwisho, na kando ya kila namba uandike maiki gani au kama unataka DI, kile kisanduku cha kuunganisha chombo kwenye mitambo bila maiki. Ya pili ni ramani ya jukwaa: nani anasimama wapi, soketi ngapi zifike miguuni pake, na anataka kusikia nini kwenye monita yake, yaani spika inayomwelekea yeye jukwaani. Usiandike "monita nne" ukaishia hapo. Andika kwamba mpiga solo anataka sauti ya mwimbaji na rithimu, hataki dramsi. Kaa na bendi siku tatu za mazoezi, msikilize kila mmoja, kisha andika. Karatasi hizo ziwafikie mafundi wa kila ukumbi mwezi mmoja kabla, na wiki moja kabla umpigie simu kila mmoja umuulize vitu viwili: mlango wa mizigo uko wapi, na mikisa yao, meza ya kuchanganyia sauti, ni ya aina gani. Mikisa za dijitali huhifadhi mipangilio yako kwenye flashi, ukifika unaipakia na nusu ya kazi imeisha. Ila flashi ya kampuni moja haifunguki kwenye mikisa ya kampuni nyingine, kwa hiyo uliza mapema na uandae mipangilio ya aina mbili au tatu. Waya zako zifunge utepe wa rangi: nyekundu za waimbaji, bluu za magitaa, njano za ngoma. Kijana wa ukumbi asiyejua neno la Kiswahili atakusaidia kwa kuangalia rangi tu.

Nimekaa sana kwenye karatasi kwa sababu vijana wengi huona kazi na matembezi ni vitu viwili vinavyogombania siku moja. Kwangu mimi, karatasi ile ndiyo iliyonipa ruhusa ya kutoka nje.

Umeme usikutishe, ila uuheshimu. Nchi zako zote nne zina volti 230 na mzunguko wa 50 kama kwetu. Kinachobadilika ni plagi. Ujerumani na Uholanzi wanatumia soketi ya duara yenye matundu mawili, na ethi, njia ya usalama ya kupeleka umeme ardhini, iko kwenye vibati vya pembeni. Uswisi wana yao ya pini tatu nyembamba, plagi ya Kijerumani haiingii. Denmark ndiyo ya kuangalia sana: plagi ya Kijerumani inaingia na chombo kinawaka, lakini kwenye soketi za Kidenmark za kawaida ethi haishiki. Mpiga gitaa akishika nyuzi huku midomo iko kwenye maiki, shoti inaweza kupita kwake. Nenda na adapta za Denmark zenye ethi, na kipimo cha soketi mfukoni. Usikubali mtu akuharakishe kabla hujapima.

Sauti nayo ina sheria. Uswisi, kwenye shoo, wastani wa saa moja hauruhusiwi kuzidi desibeli 100, na fundi wa ukumbi atakuwa na kipimo mezani. Usione ni uonevu. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa masikio inasema desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa nane, na kila zikipanda tatu muda unakatwa nusu. Zikifika 100 zimebaki dakika 15. Wewe utakaa humo usiku 26. Tafuta vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti bila kuipotosha, uvae kuanzia usiku wa kwanza. Sikio langu la kushoto linalia mluzi hadi leo. Binti mwenye masikio mazuri kama yako nisingependa yampate hayo.

Basi, umemaliza saa saba mchana, una saa tatu. Uende wapi?

Hapa watu wengi hupotea. Wanakwenda kwenye duka la viatu, au wanakaa ukumbini kwa sababu kuna intaneti ya bure. Ushauri wangu ni kwamba uondoke Mbeya na maswali, kama baba alivyonipa lake. Maswali ya mtu wa Nyanda za Juu Kusini hayafanani na ya mtalii mwingine, na Ulaya ina majibu yetu mengi kuliko tunavyofikiri.

Mfano ni Bremen. Sisi wa Iringa tumekua tukisikia habari za fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliiagiza Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Halikurudi hadi 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, na leo lipo Kalenga. Lilitoka wapi? Lilitoka kwenye makumbusho ya Bremen, na makumbusho hayo yako pembeni kabisa ya stesheni kuu ya treni. Siku tuliyopiga Bremen nilikuwa na saa mbili na nusu. Nilikwenda nikasimama mbele ya jengo lile. Nilikuwa nimeshafika Kalenga mara nyingi, lakini sikuwahi kuuelewa umbali ambao fuvu lile lilisafiri mpaka niliposimama pale na begi langu la waya begani. Wenzangu walinikuta nimekaa kwenye ngazi. Sikuweza kuwaeleza vizuri.

Au Würzburg, kusini mwa Ujerumani. Mji huo ulianzisha tamasha la muziki wa Kiafrika mwaka 1989, kando ya mto Main, na bendi nyingi za kwetu zimepitia huko. Ukivuka daraja la zamani la mawe, mwendo wa miguu tu, unafika kwenye kasri la maaskofu waliotawala mji zamani. Juu ya ngazi zake kuna dari lililochorwa na Giovanni Battista Tiepolo mwaka 1752 na 1753, mabara manne. Afrika ni mwanamke amekaa juu ya ngamia. Tiepolo hakuwahi kufika Afrika. Nilisimama chini ya picha ile nikamwangalia mama yule muda mrefu, nikafikiria Mwafrika wa kichwani mwa mtu ambaye hajawahi kumwona Mwafrika nyumbani kwake. Upande wa Ulaya wamechorwa wanamuziki na vyombo vyao. Usiku ule nilipokuwa kwenye mikisa na watu wa mji wanacheza, nilifurahi kwamba safari hii Afrika ilikuja yenyewe na wanamuziki wake.

Berlin nitaitaja kwa ufupi: kuna mifupa ya mjusi mkubwa kutoka Tendaguru, Lindi, iliyochimbwa 1909 hadi 1913, imesimamishwa kwenye makumbusho, urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13. Ilibebwa mabegani na vichwani na watu wetu hadi bandari ya Lindi. Mbeba masanduku mwenzao, nenda ukaione.

Na Uholanzi nilipata jibu la baba. Robo hivi ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari. Hata uwanja wa ndege wa Schiphol mtakaotua uko chini mita tatu hivi. Wewe unayetoka Mbeya, mita 1,700 juu, utashuka kwenye ndege ukiwa chini ya bahari na hutahisi chochote. Safari ya pili nilimwomba dereva aniamshe alfajiri. Nikaona mashamba yamenyooka kama rula, mifereji kila baada ya hatua kadhaa, na mfereji uko juu kuliko shamba. Wanalima viazi mviringo! Wanauza mbegu ya viazi duniani kote. Nilipomsimulia baba, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Na maji yakirudi?" Nikamwambia yaliwahi kurudi, mwaka 1953, bahari ikavunja kingo usiku, wakafa watu 1,836. Akatikisa kichwa. Kisha tukazungumza viazi hadi usiku, jinsi wanavyopanda, jinsi wanavyohifadhi, na mimi safari hii nilikuwa na la kusema.

Mazoezi ya haya yaanzie hapo ulipo. Umewahi kwenda ziwa Ngosi? Umeona kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, au unakipita tu ukielekea Tunduma? Ukipata harusi Tukuyu, andaa karatasi zako, maliza mapema, chukua pikipiki hadi Daraja la Mungu, urudi kabla maharusi hawajaingia. Ukiweza hilo Rungwe, utaliweza Denmark.

Mfanye dereva awe rafiki yako. Sheria ya Ulaya inamruhusu kuendesha saa 9 kwa siku, na kila akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Katika kila saa 24, kwa kawaida anatakiwa apate saa 11 za mapumziko. Wanamuziki hulalamika, mimi nilimshukuru Mungu kwa sheria ile. Muulize jana yake: kesho tutasimama wapi? Dakika 45 kwenye kijiji zinatosha kununua mkate kwa mtu anayeuoka na kumwuliza unga unatoka wapi.

Sasa makaratasi ya serikali, na hapa usicheleweshe hata siku moja. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000, na ofisi ya Uhamiaji ipo hapohapo Mbeya. Bendi iwe na kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, cha kwenda kufanya kazi ya sanaa nje, na jina lako liwemo kwenye orodha kama fundi, usiachwe kwa kuwa huimbi. Nchi zako zote nne zimo kwenye Schengen, kwa hiyo viza ni moja. Inaombwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, ada ni euro 90, na bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000. Kikomo ni siku 90 ndani ya siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla, na yasiwe chini ya siku 15. Lakini siku 15 kwa mtu wa Mbeya ni mchezo wa hatari. Ukiambiwa urudi na karatasi iliyosahaulika, ni zaidi ya kilomita 800 za basi kwenda Dar. Na mwombe promota akueleze kwa maandishi kibali cha kazi kimeombwa vipi katika kila nchi. Usikubali kuambiwa "sema unakwenda kutembea." Anayekwambia hivyo hatakuwepo dirishani ukiulizwa.

Pasipoti ikae mwilini mwako. Ziara moja meneja alizikusanya pasipoti zetu zote kwenye mkoba wake, kwa usalama, alisema. Tukapata siku nzima ya mapumziko kwenye mji wa mpakani, ng'ambo ya mto nchi nyingine, na yeye ameondoka na mkoba kwenda kwenye kikao mji wa mbali. Tulikaa hotelini kutwa tukitazama daraja. Fedha nilizopoteza katika kazi hii nimezisahau, siku ile sijaisahau.

Mkataba wako uwe na haya kabla hujakata tiketi: malipo kwa kila shoo, posho ya chakula ya kila siku ikiwemo siku za safari na za mapumziko, tiketi ya kurudi yenye jina lako, na angalau siku moja ya mapumziko kila wiki imeandikwa kwenye ratiba. Na kwa kuwa wewe ni binti kati ya wanaume kumi na zaidi, andika kwamba utakuwa na chumba chako peke yako, chenye ufunguo wako. Usione haya kulisema. Nimefanya kazi na mafundi wa kike, na nimeona nani aliheshimiwa: yule aliyesema mapema, kwa utulivu, mbele ya wote. Bendi ikikataa hilo moja, baki Mbeya. Itakuja nyingine, maana fundi anayejua kuandika karatasi ya jukwaa hatafutwi na bendi moja tu.

Mpe mama nakala ya ratiba na namba ya meneja. Shangazi naye muulize angependa ujue nini huko. Asikwambie "niletee picha". Akupe swali, na mumewe akupe lake kuhusu malori.

Ukipita kuelekea Dar kwenye mambo ya viza, shuka Ipogolo, hapa Iringa, tunywe chai. Adapta zangu za Denmark bado ninazo, sita, zote nimezipima. Utazichukua.